Uliza megabiti kabla ya kununua diski ya kamera

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wanaofunga kamera za usalama jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Mteja hutajiwa idadi ya kamera na ukubwa wa diski, basi. Picha zitakaa siku ngapi, haambiwi. Wizi ukigundulika siku ya kumi, rekoda inafunguliwa na kukutwa ina siku tano tu, kwa kuwa diski ikijaa picha za zamani hufutwa kupisha mpya. Fundi analaumiwa, rekoda inalaumiwa, kumbe hesabu haikupigwa tangu mwanzo.

Hesabu yenyewe huanzia kwenye megabiti ambazo kamera moja hutuma kwa sekunde. Baiti ni biti 8 na siku ina sekunde 86,400, hivyo kila megabiti 1 kwa sekunde, ikirekodiwa usiku na mchana, hujaza gigabaiti 10.8 kwa siku. Namba hiyo ishikeni. Kamera iliyopangiwa megabiti 4 hula gigabaiti 43.2 kwa siku, na zikiwa nane ni gigabaiti 345.6. Diski ya terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000, hapo haimalizi siku ya sita. Anayetaka siku 30 anahitaji gigabaiti 10,368, na akiongeza moja ya tano kwa tahadhari, anafika kama terabaiti 12.5. (Kompyuta ikionyesha diski ya terabaiti 4 kuwa 3.64, hujaibiwa, inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000.)

Megabiti hizo zimo kwenye mipangilio ya video ya kamera. Kama zimeachwa zipande na kushuka, piga hesabu kwa kiwango cha juu kilichowekwa, si kwa wastani wa mchana. Usiku picha hujaa chenga kwa uhaba wa mwanga, na chenga ni vigumu kugandamizwa, yaani kubanwa ili video ichukue nafasi ndogo. Mvua na matawi yanayotikiswa na upepo huongeza mzigo vilevile. Mgandamizo wa H.265, njia ya kubana video iliyo mpya kuliko H.264, unaweza kupunguza mzigo hadi karibu nusu ya H.264, ila hakikisha kwanza rekoda inaupokea. Fremu 15, yaani picha 15 kwa sekunde, zinatosha sehemu nyingi. Namba ya gari inayotoka na ukungu haiponywi na fremu zaidi, bali na shata ya kasi (muda mfupi wa kamera kunasa kila picha) na mwanga wa kutosha.

Kurekodi panapokuwa na mwendo tu huokoa nafasi, lakini sishauri kununua diski kwa kutegemea hilo. Mdudu mmoja akizunguka mbele ya taa za kamera anaweza kuifanya irekodi usiku kucha, na mtu anayepita mbali asinaswe kabisa.

Upande wa mtandao, kamera nane za megabiti 4 ni megabiti 32, mzigo mwepesi. Kamera zikifika 32, ni megabiti 128, na waya mmoja wa megabiti 100 kati ya swichi (kifaa kinachokusanya nyaya za kamera) na rekoda hauzipitishi: picha zitakatika, na wengi watakimbilia kubadilisha kamera zisizo na kosa. Hapo panatakiwa njia ya gigabiti 1. Rekoda nayo ina kikomo chake cha kupokea. Iliyoandikwa kamera 16 na megabiti 80 haiwezi kuchukua kamera 16 za megabiti 8 kila moja, hata kama matundu yanatosha.

Kurekodi kwenye diski ya ndani hakutumii intaneti. Kutazama kwa simu ukiwa mbali ndiko kunakotumia, tena kwa kasi ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Watu watatu wakifungua kamera nne kwa mkondo mdogo (video ya ubora wa chini) wa nusu megabiti kwa kila kamera, zinahitajika megabiti 6 za kupakia, maana kila mtazamaji huvuta mkondo wake. Anayetaka kuhifadhi kila kitu kwenye seva ya mbali ajue kamera moja ya megabiti 2 hupakia gigabaiti 648 kwa siku 30.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aandike kwenye makadirio yake aina ya mgandamizo, fremu, megabiti za juu za kila kamera, na idadi ya siku. Siku hizo zikitimia tangu kufungwa, fungueni rekoda mwone tarehe ya picha ya zamani kuliko zote. Kama haifiki, mrudishieni makadirio yake.

Fundi wa kamera za usalama