Cherehani Siachi

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Mimi mzima, kazi zinaendelea. Barua yako nimeisoma, na kwa kuwa umeniomba nikujibu bila kukuzungusha, nakujibu: hapana, siachi kushona nguo za watu ili nikae nyumbani kutengeneza picha za vipande vya nguo, hata kama zimeanza kupata wanunuzi.

Najua unanionea huruma na mgongo wangu. Lakini ulikuwa mdogo tulipoachana na baba yako, kuna mengi hukuyaona. Yetu sisi wawili yaliishia kwenye makaratasi ya talaka na sina la kuongeza. Yeye ni baba yako, mheshimu. Ninalotaka kukueleza ni hili: mtu akiachika, kila anayekutana naye humuuliza moyo unaendeleaje, na hakuna anayemuuliza kesho saa nne asubuhi atakuwa wapi. Mimi zilizonitesa ni hizo saa. Ndoa, hata ikiwa mbaya, ina ratiba yake. Ikivunjika unaachiwa siku nzima na hujui uianzie wapi.

Jiji ndilo lililonipa ratiba nyingine. Nilipata nafasi kwenye karakana ya fundi, upande wa marekebisho: kufupisha suruali, kubadilisha zipu, kupunguza kiuno, kuachia mshono wa mtu aliyenenepa. Si kazi ya kujivunia, kwani marekebisho mazuri ni yale yasiyoonekana. Ila haiishi, kwa sababu watu wananunua nguo za kiwandani na miili yao haifuati vipimo vya kiwanda. Mteja anaingia, unampima, unatia alama ya chaki, anaondoka. Haulizi umeolewa na nani. Wapo wanaolilaumu jiji kwa hilo, kwamba hakuna anayemjulia mwenzake hali. Mimi lilinipa nafuu kubwa. Nilikotoka nilikuwa "yule aliyeachika". Huku nikawa fundi wa zipu, basi.

Picha nazo zilitoka palepale kwenye meza ya kazi. Ukifumua pindo la suruali ya jinzi iliyovaliwa miaka mingi, ukalinyoosha kwa pasi, ndani yake unaikuta rangi ya siku iliponunuliwa. Nje jua na sabuni vimeipausha, lakini humo ndani, mwanga usikofika, bluu imebaki bluu. Katikati kuna mstari wa mkunjo uliosuguliwa mpaka ukawa mweupe. Ukifupisha suruali, kipande hicho kinakatwa na kutupwa. Nilimwomba mwenye karakana aniachie, akacheka, akaniambia chukua mfuko mzima.

Mwanzoni nilivipanga tu sakafuni usiku, vilivyopauka huku, vyenye rangi kule. Polepole nikaanza kuona mtaa: ghorofa, waya za umeme, dirisha lenye taa na dirisha lenye giza, vyote kwa bluu za suruali za watu nisiowajua. Mkono tayari ulikuwa unajua kitambaa, nilichokuwa najifunza ni kutazama. Kilichokatwa kufuata nyuzi hakivutiki, nakitumia kwa kuta. Kilichokatwa kwa hanamu kinavutika, nacho nakizungushia kona ya barabara bila kufanya makunyanzi. Kila kipande kinafuliwa kwanza, maana pamba ambayo haijawahi kulowa hunywea, na rangi nyingine huchuja zikachafua jirani zake. Nyekundu hasa siiamini.

Tafuta habari za msanii Faith Ringgold, mzaliwa wa Harlem, New York, mwaka 1930. Aliolewa akiwa kijana, akaachana na mumewe akiwa na mabinti wawili, akafundisha sanaa kwenye shule za umma za jiji hilo hadi mwaka 1973, huku akichora. Mama yake alikuwa mshonaji na mbunifu wa mavazi, na mwaka 1980 wawili hao walishirikiana kutengeneza tandiko la kwanza la viraka la binti huyo. Baadaye akawa anaandika hadithi nzima juu ya viraka, na kazi zake zimeingia kwenye makumbusho makubwa. Wanaosimulia maisha yake huwa na haraka ya kufika kwenye makumbusho. Mimi naganda kwenye ile miaka ya chaki na ubao.

Picha nikiipa jukumu la kulipa kodi ya nyumba, itaanza kuniuliza mnunuzi anapenda nini. Yule bwana aliyechukua mbili ameshaniagiza nyingine "kama hizo, ila ziwe na furaha zaidi". Kwa sababu nina mshahara, nilimjibu kwa upole kwamba sina. Halafu vipande nitavitoa wapi? Ninunue jora jipya nilipaushe kwa dawa? Wapo wanaofanya hivyo, na jicho la fundi halidanganyiki.

Umeuliza pia kama upweke umekwisha. Haujaisha, umebadili saa zake tu. Zamani ulikuwa unanijia usiku, sasa unapita Jumapili mchana na hauketi sana. Jumamosi huwa tunakutana watu wachache kwenye chumba cha maktaba, kila mmoja na kazi yake: mmoja anachonga, wengine wanafuma, mimi na vipande vyangu. Ukikalishwa mbele ya mtu anayesubiri umweleze yaliyokupata, maneno yanakauka. Mikono ikiwa na shughuli yanatoka yenyewe, na mwenzako akikujibu hata haachi kuhesabu vitanzi vyake.

Kwenye maonyesho nitapeleka picha chache, na kazini nimeshaomba ruhusa ya siku ya ufunguzi. Ukija, niletee suruali yako ya sare ya shule iliyobaki kwenye sanduku. Shati sihitaji. Suruali ile niliiteremsha pindo kila ulivyorefuka, kwa hiyo mistari ya mikunjo lazima imepangana pale chini, mmoja juu ya mwingine. Usiifue, na tafadhali usiipige pasi.

Wasalaam,
Mama yako