Somo, wamenikataza miguu ya chura

Area C, Dodoma
Alhamisi usiku

Somo yangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Huku wazima. Baba Shebe mzima, Shebe kapata kazi Kahama na hakumbuki kupiga simu mpaka mshahara ukate. Salamu zilizobaki jijazie mwenyewe, maana nina jambo la kukuomba na lingine la kukulalamikia, na sijui lipi litatangulia.

Ila kabla ya yote: sijakatwa mguu! Mwanjaa kanipigia analia, kasikia kwa Bi Rukia, na Bi Rukia anasema kasikia kwako. Mguu upo, vidole vyote vipo, kilichobadilishwa ni nyonga. Na kimya changu hakikuwa cha kununa. Ukiwa na magongo mawili huna mkono wa tatu. Hata kuitoa simu chumbani hadi barazani ni mpaka uitie kwenye mfuko na kuuning'iniza shingoni. Mtu anapiga, inaita, inakata, mimi bado niko koridoni.

Unakumbuka kwenye harusi ya Tatu ulinicheka eti viatu vya kuazima ndivyo vinanichechemesha? Gegedu lilikuwa limekwisha, mfupa unasagana na mfupa. Daktari alinionyesha kwenye picha, upande wa kushoto kuna ufa mweusi katikati ya mifupa, upande wa kulia hakuna ufa wowote. Nyonga ni kinu na mchi, somo, na vyote viwili vyangu vilikuwa vimekwisha. Basi Dar wakakata kichwa cha mfupa wa paja, wakachomeka chuma ndani ya mfupa, juu yake kichwa kipya cha mviringo, na upande wa pili wakaweka kikombe chenye plastiki ngumu ndani. Nilidhani ni mambo ya juzi, kumbe daktari Mwingereza, John Charnley, alianza kuweka chuma kwenye plastiki ya namna hii tangu mwaka 1962, mimi na wewe hatujazaliwa. Baba Shebe akauliza, "Na gerentii je?" Daktari akacheka, akasema wengi hukaa nazo miaka 15, 20 na zaidi.

Maumivu sikusimulii. Yalikuwepo, yamepungua, yale ya zamani ya usiku yameondoka kabisa. Kurudi Dodoma nilipanda treni ya umeme, naamka kila mara natembea kwenye njia ya katikati ili damu isigande, na abiria wote wakanijua.

Walinipasua kwa nyuma, upande wa tako, ndiyo maana nikashushiwa amri: usikunje nyonga kupita digrii 90, usipishanishe miguu, usigeuze vidole vya mguu kwa ndani, ukilala weka mto katikati ya miguu. Sasa zichukue amri hizo uziingize kwenye nyumba ya Mswahili. Mbuzi ya kukunia nazi marufuku, iko chini mno. Nazi anakuna Baba Shebe, na tui lake jepesi mpaka samaki anajiona humo ndani. Choo cha kuchuchumaa marufuku, fundi katutobolea kiti cha plastiki. Kusali nasali kitini. Juzi kwenye msiba wa jirani wanawake wote mkekani, mimi peke yangu juu ya kiti, na mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wanaopenda viti wakakae na wanaume. Nilinyamaza kwa ajili ya maiti tu.

Haya, jambo lenyewe. Kuogelea.

Kijana wa mazoezi ya viungo tangu mwanzo alinipa moyo. Alisema kwenye maji ya kifua mguu unabeba kama robo au theluthi ya uzito wako, kwa hiyo unaweza kutembea bila gongo na misuli ikafanya kazi bila kiungo kuumia. Sharti moja: jeraha lifunge kabisa, kusiwe na kigaga wala unyevu. Kwa kawaida ni wiki 6 au zaidi, na daktari alione kwanza kwa macho yake. Wadudu wakiingia ndani wakafika kwenye chuma ni balaa, mara nyingi vidonge peke yake havifui dafu, unarudishwa mezani. Hapo sikuwa na ubishi, nikasubiri. Siku daktari alipoliangalia jeraha akasema sasa nenda, nilitoka mle ndani naisikia bahari yetu ya Sahare, kule Tanga, puani.

Nimefika mlangoni yule kijana ananiuliza, "Mama, unaogelea mtindo gani?"

Mtindo! Nikamwambia naogelea tu. Akasema nionyeshe kwa mikono. Nikamwonyesha, magongo yameegemea ukuta, watu kwenye foleni wananitazama. Akatikisa kichwa. "Huo wa chura bado, mama. Piga mwingine."

Mwingine upi, somo? Mimi na wewe tunajua mwingine? Kaka zako walitutupa kutoka kwenye ngalawa maji yakiwa yamejaa, tukaibuka tunapiga chura, na hicho ndicho chuo chetu. Nimeogelea hivyo maisha yangu yote. Naelewa sababu, kanieleza vizuri: goti unalivuta juu, nyayo unazitoa nje, halafu miguu inafyatuka na kubanana kwa nguvu, na nyonga inajipinda katikati ya hayo yote. Nyama zinazoshika kiungo bado changa, kichwa kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. Wapo wanaoruhusiwa baada ya miezi mitatu, wapo wanaoambiwa waache moja kwa moja. Mimi nimeambiwa ningoje kliniki ijayo, wapige picha tena.

Nimeelewa, lakini sijakubali. Unanijua.

Halafu sasa, kuogelea wapi? Huu ni mji ambao maji ya bomba kwetu huja kwa zamu. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Yule mtu wetu Chuma, wewe unamjua akili zake, kaniambia twende bwawa la Mtera, maji tele. Nikamuuliza na mamba na viboko wa Mtera nao wana nyonga bandia watuonee huruma? Akasema basi Hombolo. Maji yaliyosimama ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, nikamwambia nimeshapasuliwa, sitaki na kukojoa damu juu yake. Yamebaki mabwawa ya hotelini, unalipa mlangoni. Jumamosi na Jumapili usithubutu, watoto wanaruka juu ya kichwa chako na muziki unapigwa mpaka meno yanacheza. Naenda katikati ya juma asubuhi. Maji ni baridi mpaka roho inasimama, Dodoma iko juu huku na hakuna anayepasha maji ya bwawa, lakini hakuna msongamano.

Bwawa la kwanza lilikuwa na ngazi ya chuma iliyosimama wima. Nikaitazama, ikanitazama, nikarudi nyumbani. Kupanda ile lazima goti lifike tumboni. Hili ninaloenda sasa lina vidato vipana upande wa maji mafupi, na bomba la kushikia. Mguu mgonjwa ndio unatangulia kushuka, mguu mzima ndio unatangulia kupanda; nimeimba hivyo mpaka Baba Shebe anaimba akiwa anashuka daladala. Kinachonitisha zaidi ni marumaru zilizoloa. Gongo likiteleza pale, hadithi imekwisha.

Anayenifundisha ni kijana mwokoaji wa pale, mtoto wa Ukerewe, ana subira ya ajabu. Wenzangu darasani wana meno ya mapengo. Alinipa ubao wa kushika mbele, akasema, "Mama, nyoosha miguu, piga kidogokidogo, nguvu itoke nyongani, isitoke gotini." Nikapiga. Nikapiga kwa bidii zote. Somo, nikarudi nyuma! Wallahi tena, nilikuwa naelekea ukuta wa mbele, nikaguswa mgongoni na ukuta wa nyuma. Katoto kamoja kakamwita mama yake aje aone. Kijana akasema ni vifundo vya miguu, vimekakamaa, nyayo zinayavuta maji badala ya kuyasukuma. Eti nikae kitandani navinyoosha vidole kila usiku. Ndicho ninachofanya hata sasa wakati naandika.

Chali naweza. Anaweka boya katikati ya mapaja, nalibana, miguu inatulia haina ruhusa ya kupishana, kazi yote ni ya mikono. Naenda polepole naangalia mawingu, ingawa mawingu yenyewe Dodoma mwezi huu hayapo. Ni raha, sikatai. Lakini chali huoni uendako, na mimi nilizoea kichwa kiko juu, naona mtu, naongea naye, naona mashua. Tulikuwa tunateta majini mimi na wewe mpaka vidole vinakunjamana. Na ule mwingine wa miguu iliyonyooka uso uko chini, unapumulia pembeni, unateta na nani?

Na ule mguu mzima hausikii! Nikijisahau kidogo tu, wa kushoto unapiga chura wenyewe, wa kulia umenyooka umetii, basi nazunguka duara. Kijana anapiga filimbi. Sijui nani kampa filimbi.

Baba Shebe anasema nimeshatembea, niridhike. Umri huu, kwa nini nijitese na baridi? Maneno yake si ya ubaya, aliniogesha na kunivalisha soksi wiki nzima bila kununa, nami sitasahau. Lakini nikimwambia kutembea si kuogelea haelewi, mtu wa Kongwa yule, bahari kaiona ukubwani. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Kutembea naenda sokoni. Kule majini ndiko pekee ambako sikuwahi kuchechemea, hata ile miaka ya mwisho mguu ulipokuwa mbaya kabisa. Sasa nimerudi majini na huko nako ni mwanafunzi. Ndicho kinachoniuma, si kingine. Kijana wa mazoezi ananiambia nitazoea. Atajua nini, ana miaka ishirini na kitu.

Ombi langu sasa, soma vizuri usije ukamwachia Mwana asome nusu. Bwawani hawataki dera wala kanga, wanataka nguo ya kuogelea. Mimi naingia na taiti na fulana ya Baba Shebe, fulana inakunywa maji inanivuta chini. Nataka ile ya kujisitiri, suruali na gauni fupi na kofia. Nimeziona madukani huku lakini suruali zake zinabana kifundoni, na mimi kuinama mpaka kwenye unyayo bado siwezi, taiti yenyewe naivutia kwa bakora ya ndoano. Kwa hiyo mwambie fundi wako wa Ngamiani, yule anayeshona sare, atumie kitambaa cha kuogelea na si kingine, mguu wa kulia aweke zipu kutoka kifundoni hadi gotini, na kiuno kiwe cha lastiki laini, mshono usipite juu ya kovu. Kovu liko nyuma pembeni ya tako, refu kuliko kiganja. Rangi yoyote isipokuwa nyeusi, juani inachoma. Bei aniambie ya kweli, si ya mtu wa Dodoma, nitatuma kwa simu. Athumani anashuka Tanga mwisho wa mwezi, nimempa boksi la zabibu lako. Ukiona limepungua muulize yeye.

Nataka kuja Disemba, daktari akikubali. Pale Raskazone ngazi za kuteremkia majini bado zipo, au zimeliwa? Bomba la kushikia lipo? Sahare mchanga ni ule ule au mawe yametokeza? Nitafutie siku za bamvua ni lini mwezi ule, nataka maji yaliyojaa mpaka juu, nisitembee kwenye matope kutafuta bahari. Kaka yako bado ana ngalawa? Bi Rukia anaogelea bado na ule mdomo wake? Na wewe mwenyewe mara ya mwisho umeingia lini, usinidanganye, maana mtu wa pwani anaweza kukaa mwaka mzima anaitazama tu. Unaweza kupiga miguu iliyonyooka? Jaribu kesho, shika ubao wowote, uniambie kama unaenda mbele.

Nijibu kwa kuandika. Ile sauti yako ya dakika kumi ya WhatsApp nusu yake ni kuku na nusu adhana, sikuambulia kitu.

Somo yako,
Zuhura wa Dodoma

Zipu mguu wa kulia. KULIA.