Kalos na kalōs si neno moja

Mhariri,

Kila kivumishi cha Kiyunani cha kale, kalos, kinapotajwa magazetini, hutafsiriwa "mzuri" na mwandishi akapita. Hapo msomaji anapunjwa.

Kalos ni uzuri unaojitokeza: wa sura, wa kazi iliyokamilika, hata wa tendo la heshima. Kivumishi kingine, agathos, ni ubora na wema wenyewe. Tazama Biblia. Kwenye Yohana 10:11, "mchungaji mwema" ni ho poimēn ho kalos (ho, au hē kwa jinsi ya kike, ni kibainishi, kama "the" ya Kiingereza). Kwenye Marko 10:17, "Mwalimu mwema" ni didaskale agathe, yaani agathos katika umbo la kumwita mtu. Kiswahili kimetumia "mwema" kotekote, kwa hiyo anayejenga hoja juu ya neno hilo bila kuufungua Kiyunani hujenga hewani.

Kivumishi hiki hufuata nomino kwa jinsi, idadi na uhusika, yaani kazi ya nomino katika sentensi: kalos kwa jinsi ya kiume, kalē kwa ya kike, kalon kwa isiyo ya kiume wala kike. Wengi huteleza kwa kuoanisha miishio kwa sikio. Hodos, "njia", huishia -os lakini ni ya kike, hivyo tunasema hē kalē hodos. Neanias, "kijana", ni ya kiume: ho kalos neanias. Sisi tusingepaswa kushangaa, maana husema "kijana mwema", si "kijana chema", ijapokuwa neno limeanza na ki-.

Nafasi nayo ina uzito. Ho kalos poimēn ni "mchungaji mwema", lakini ho poimēn kalos ni sentensi kamili: "mchungaji ni mwema", bila kitenzi. Yohana amerudia ho kabla ya kalos, ndiyo maana sifa imebaki kwenye nomino yake.

Katika kulinganisha, ni kalliōn, "mzuri zaidi", kisha kallistos, "mzuri kuliko wote". Wanaoanza hubuni kaloteros kwa kufuata kanuni ya jumla. Si umbo la kuigwa. Agathos hubadilika zaidi: ameinōn, aristos, na hata mzizi haufanani.

Ombi langu kwa chumba cha habari ni dogo: msidondoshe kistari juu ya irabu ndefu. Kalos ni kivumishi, kalōs ni kielezi, "vema". Kale humwita mwanamume, kalē ni umbo la kike. Kistari kikipotea, maneno mawili yanachapwa kama moja, na hakuna msomaji atakayeweza kuyatenganisha.

Msomaji wenu