Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shindano la Insha, Ada, na Yale Maneno ya Bango

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana, salaam nyingi. Mambo ya kawaida nayapitia mbio maana mengi mliyaona kwenye gurupu: Mei Mosi tulitembea, kikao cha Januari cha kukumbuka mgomo wa Mombasa wa 1947 kilifanyika, msiba wa mzee wetu wa bandarini tulichanga elfu 18, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina anazo. Basi.

Sasa tuje kwa shindano la insha la shule za upili, kuhusu sanaa ya wafanyakazi na harakati za wananchi. Tulipata insha 87 kutoka shule 9 za Mombasa, Kilifi na Kwale, zawadi zikatoka elfu 30 zote kwa pamoja, na barua za shule karibu zote nilipeleka mimi kwa nauli yangu, hili nalisema kwa sababu kuna mtu aliandika ati mwenyekiti anakaa tu anangoja kupigwa picha.

Mzozo mnaujua. Majaji wanne walifungana mbili kwa mbili. Insha moja ilikuwa ya Kamirithu kule Limuru, wakulima na wafanyakazi waliojijengea jukwaa la wazi 1977, mchezo wao wa kuigiza ukapigwa marufuku mwaka huohuo na 1982 serikali ikaja kubomoa jukwaa lenyewe. Insha nzuri, Kiswahili safi, hilo sikatai. Ya pili ya msichana wa kidato cha tatu, kuhusu bango la manila alilobeba mamake kwenye mgomo wa wauguzi wa 2017, ule wa miezi mitano. Kura ya kuamua ikaniangukia mimi nikampa msichana, na tangu siku hiyo nimeambiwa nimeshusha hadhi ya chama, kwamba karatasi ya maandamano si sanaa, na kwamba eti nina ujamaa na familia hiyo. Sina. Yule mama nilimuona mara ya kwanza siku ya zawadi.

Nawaomba mniskize. Wangapi mlioteta mmeisoma ile insha? Mtoto amekaa na lile bango akaliangalia haswa. Anasema nyuma yake ni chati ya chanjo ya watoto, yaani mtu alibandua kitu ukutani kazini akakigeuza. Anasema herufi zinaanza kubwa halafu zikikaribia ukingo zinabanana, wino ni mwekundu mpaka katikati ya neno la tatu kisha unakuwa wa buluu, akamuuliza mamake, akaambiwa kalamu iliisha na mwenzake akamalizia, kwa hivyo ni mikono ya watu wawili. Juu kuna matundu mawili ya kamba, moja limechanika, likazibwa na plasta ya hospitali. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeona. Aliyeandika Kamirithu alisoma vizuri vitabuni, lakini sharti namba 4 lilisema wazi, andika kitu ulichokiona kwa macho yako au umhoji aliyekiona, na sharti hilo nililituma kwa wanachama wote mwezi wa tatu, hakuna hata mmoja aliyepinga.

Tena sisi hapa Mombasa ndio wa mwisho kudharau karatasi. 1947 watu kama elfu 15 waliacha kazi, bandari ikasimama, reli ikasimama, wakikutana Majengo pale walipopaita Kiwanja cha Maskini. Agosti ya mwaka huo Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi hao, akakamatwa akapelekwa mbali kule Kabarnet. Madai yao tunayajua, mishahara tunaijua, kwa sababu serikali iliandika ikaweka kwenye mafaili. Lakini waliimba nini pale kiwanjani? Waliandika nini, juu ya nini? Nimeuliza wazee miaka mingi na kila mwaka wa kuuliza wanapungua. Nani angetunza karatasi ya kuli? Ndiyo maana nasema uamuzi ule nilifanya kwa akili timamu na hata kesho ningeufanya tena, mwenye hoja aje mkutanoni aseme mbele ya watu, si saa sita usiku kwenye simu.

Na hapo kwa mkutano ndipo panaponiuma. Tuko wanachama 64 kwenye daftari, waliolipa ada ya mwaka ni 23, mia tano tu jamani, na mkutano wa kuamua zawadi walikuja watu 11 pamoja na sisi wanne wa kamati. Waliopiga kelele zaidi kuhusu bango wengi hawamo kwenye hao 11 wala kwenye hao 23, majina sitayataja, mnajijua. Pengo la zawadi, elfu 12, nimelijazia mimi, risiti zipo.

Mwakani Inshallah tunataka shindano lirudi, tukijaliwa tuzichape insha bora kijitabu, labda na maonyesho madogo tukipata ukumbi wa bei nafuu, na msichana amesema mamake yuko tayari kutuazima bango. Kuna haja pia ya kuwafikia wanafunzi wa Lamu na Tana River, tutaona.

Ada ilipwe kwa mweka hazina kabla ya mkutano mkuu, na asiyelipa hatapiga kura, hivyo ndivyo katiba yetu inavyosema.