Barua kwa somo yangu

Korogwe, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na mama sasa anatembea mwenyewe mpaka uani.

Juzi kwenye simu uliniuliza naachaje kazi ya mshahara, na miaka yangu 33, nikasomee uuguzi, nikae darasani na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Nilishindwa kukujibu, ndiyo maana naandika.

Miaka minane nimekuwa afisa mikopo, nafuata marejesho. Kuna siku nilikaa mlangoni kwa mama mmoja mpaka akatoa cherehani yake. Ofisini nilisifiwa. Usiku sikulala.

Halafu mama akapata kiharusi, nikamuuguza wodini wiki tatu. Muuguzi wa zamu ya usiku alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili: kushoto, chali, kulia. Alinieleza kwamba sehemu ikikandamizwa muda mrefu damu haifiki, na ngozi huanza kufa. Wodi nzima ilikuwa mikononi mwake peke yake, lakini alisimama akanionyesha namna ya kushika bega na nyonga kwa pamoja, nimgeuze bila kumburuta. Somo, mama alitoka pale bila kidonda hata kimoja! Tangu siku zile sikutaka tena kazi nyingine.

Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni miaka mitatu, kisha kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upewe leseni. Ili uingie lazima uwe umefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia. Fizikia yangu unaijua: mwalimu aliondoka tukiwa kidato cha tatu, hatukuletewa mwingine, nikapata F. Basi Novemba nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya miezi ya kuamka saa kumi alfajiri na kitabu. Januari nikapata D. Nililia kwa furaha mbele ya wanangu.

Maombi ya chuo nimeshatuma. Ada ya mwaka wa kwanza ipo, nimeiweka kwenye kikoba. Ya mwaka wa pili bado naihangaikia. Kinachonitisha zaidi ni Kiingereza, maana masomo yote ni kwa Kiingereza, na mimi niliachana nacho siku nyingi. Kila jioni binti yangu mkubwa ananisomesha ukurasa mmoja.

Baada ya hapo nampima mama. Nahesabu mapigo yake dakika nzima, kisha naendelea kumshika mkono kana kwamba bado nahesabu, kumbe natazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mtu akijua anahesabiwa pumzi, huibadilisha.

Ila natumia simu, na kioo kikizimika napotea hesabu. Ukipita Kariakoo, tafadhali nitafutie saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, namba ziwe kubwa. Niambie bei, nitakutumia hela.

Msalimie shemeji na watoto.

Somo yako