Kabla ya kiti mwendo, tazameni choo

Mhariri,

Kila inapokaribia 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, viti mwendo hugawiwa kwa hotuba na picha. Hatuna ugomvi na wanaotoa, kwa sababu kiti ni kifaa cha lazima. Ila sisi tunaofanya kazi ya utengemao majumbani hapa Mwanza, yaani kumwezesha mtu mwenye ulemavu au aliyeugua aendeshe tena maisha yake, kuanzia Igoma hadi nyumba za juu ya mawe kule Mabatini na Igogo, tunaomba gazeti lako liwafikishie wafadhili, madiwani na ndugu neno hili: mara nyingi kinachomfungia mtu ndani ni choo asichoweza kukifikia na msaidizi ambaye hakumchagua. Kiti kikiletwa kabla ya hivyo viwili, kitaishia kuanikiwa nguo.

Wengi wanadhani kujitegemea ni kufanya kila kitu peke yako. Mtu anayelishwa kwa kijiko anajitegemea, mradi yeye ndiye anayesema ale nini, saa ngapi, na nani ashike kijiko. Tena yupo kijana mwenye mikono mizima ambaye mama yake bado anamvisha shati kwa huruma, hadi mikono imezoea kukaa bure. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 unalitaja jambo hili katika ibara ya 19: mtu achague anaishi wapi na nani, na msaada umfikie humo humo katika jamii yake.

Tuje chooni. Nyumba nyingi za kupanga zina choo cha kuchuchumaa, chenye kizingiti na mlango wa sentimita 60 au 70. Kiti mwendo cha mtu mzima kina upana wa takriban sentimita 65, na vidole vinavyosukuma gurudumu navyo vinataka nafasi. Inatakiwa sentimita 80 za uwazi. Mwambie fundi “uwazi” kwa kutilia mkazo, maana ukimwambia mlango wa 80 atapima fremu kwa nje, na ukitoa unene wa mbao na wa mlango wenyewe unabaki na 70. Mlango ufungukie nje. Mtu akianguka ndani ya choo chenye mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaomzuia mwokoaji asiingie.

Juu ya tundu kiwekwe kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48. Watu hukata tundu kwenye kiti cha plastiki kwa kuwa ni rahisi. Kikishakatwa katikati kimekwisha nguvu: miguu inatanuka kwenye sakafu yenye maji, na siku moja kinapasuka kikiwa na mtu juu yake. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya bomba la mraba bila shida. Apake rangi ya kuzuia kutu, avalishe miguu vipande vya tairi kuukuu, na alainishe kingo zote, kwa sababu mtu asiyehisi makalio hatajua kwamba amechanika.

Vyuma vya kushikia viwe vya bomba la kipenyo cha milimita 32 hadi 38, kimo cha sentimita 70 hadi 75 kutoka sakafuni, viachane na ukuta kwa sentimita 4 au 5 ili kiganja kipite lakini mkono mzima usizame. Nondo ni nyembamba, inaumiza kiganja. Kosa baya zaidi ni kufunga chuma kwa skrubu kwenye ukuta wa tofali za udongo: kinashika siku ya kukabidhiwa, kinang'oka siku ya kuegemewa. Ukuta ukiwa dhaifu, chimbeni sakafu, simikeni nguzo kwa zege.

Rampu ina hesabu yake, 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinadai rampu ya mita 1.8. Ngazi nne za kimo hicho zinadai mita 7.2, na hapo ndipo fundi, kwa kubana saruji au kwa kukwepa mpaka wa jirani, anajenga mita 3 halafu anapigwa picha nayo. Hiyo ndiyo inayompindua mtu chali. Upana uwe angalau sentimita 90, pembeni kuwe na kingo ya sentimita 5 hadi 10, na mbele ya mlango paachwe eneo tambarare la mita 1.5 kwa 1.5. Zege likiwa bado bichi lipigwe fagio, masika yasiligeuze utelezi.

Kwa nyumba za juu kabisa ya mawe tuseme ukweli: hakuna rampu itakayofika. Kumhamishia mtu chumba cha chini, karibu na barabara, ni nafuu kuliko kupasua jabali, na kodi ya chumba hicho ihesabiwe kuwa gharama ya utengemao kama kiti kinavyohesabiwa. Lakini iwe mtaa uleule, penye jirani anayemjua na duka linalomkopesha. Ile desturi ya kumpeleka mzee aliyepata kiharusi kijijini, Ukerewe au Sengerema, “akapumzike”, ilhali kliniki yake na mazoezi yake vimebaki mjini, hatuipendi. Wengi hawaulizwi.

Sasa kiti chenyewe. Kwenye sherehe hupimwa kwa macho. Upana wa kikalio ulingane na nyonga. Kikizidi, mtu analala upande na uti wa mgongo unapinda. Kina cha kikalio kiishie sentimita 3 hadi 6 kabla ya nyuma ya goti. Kikizidi, anateleza mbele na kukalia mfupa wa mkia, kidonda kinaanzia hapo. Magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye mchanga wa mwaloni, pale ziwani panaposhushwa samaki, hivyo anayefanya biashara ya dagaa pale Kirumba atafaa zaidi na kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu kubwa mbele. Na vipuri: tairi la nyuma la saizi ya baiskeli fundi yeyote wa mtaani analo. Gurudumu dogo la mbele na beringi zake ndiyo shida, basi mfadhili aombwe ayalete pamoja na kiti.

Sponji ya kukalia si pambo. Kipande cha godoro kuukuu kinabonyea hadi mtu anakalia ubao. Weka mkono chini ya makalio yake akiwa amekaa. Ukihisi mfupa unakubana vidole, sponji imekufa. Kila dakika 20 au 30 ainame mbele au aegemee upande kwa dakika moja au mbili, na kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili. Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri: papasa kwa mgongo wa kiganja, ukitafuta joto, ugumu, au sehemu iliyoiva rangi kuliko jirani yake. Ukikuta, asipakalie hapo mpaka ngozi irudi kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo ya kutohisi, sufuria ya moto isibebwe mapajani kamwe.

Aliyepata kiharusi asivutwe kwa mkono uliopooza wala kwa kwapa, bega huchomoka. Kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, breki zifungwe, miguu ikanyage chini, ainame mbele, ndipo mhesabu pamoja na kunyanyuka.

Sehemu ngumu kuliko zote ni msaidizi. Familia humtegemea mtu mmoja, kwa kawaida binti aliyeachishwa shule au biashara yake. Siku akienda msibani, mgonjwa analala na nguo zilizolowa. Wafundishwe wawili angalau. Wala msaada hautakiwi kutwa nzima: kwa wengi, saa mbili za asubuhi za kuoga, choo na kuvaa, na saa moja ya jioni, zinatosha, na malipo yapangwe kwa saa hizo. Ratiba aitunge mwenyewe, ibandikwe ukutani. Kwa mwenye ulemavu wa akili iwe ya picha. Kama anajifunza kupanda daladala kutoka Buhongwa hadi mjini, mkae naye kiti kimoja kwanza, baadaye mkae nyuma yake, mwisho mmsubiri kituoni. Asiyeona asishikwe mkono na kukokotwa kivukoni. Yeye ndiye akushike kiwiko, nawe utangulie nusu hatua.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mkopo ni wa biashara, hurejeshwa, na asiyeweza kutoka chooni hatafika sokoni. Tunawaomba madiwani wa Nyamagana na Ilemela watenge fungu jingine, dogo, lisilorejeshwa, la kurekebisha choo na mlango na kumlipa msaidizi. Afisa ustawi wa jamii wa kata aende na futi ya kupimia pamoja na mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu, na fundi asilipwe kabla mwenye ulemavu mwenyewe hajaingia chooni na kutoka bila kubebwa. Fedha ya msaidizi apewe anayesaidiwa, amlipe kwa mkono wake, naye awe na haki ya kumbadilisha.

Wahudumu wa utengemao majumbani,
Mwanza