Kinyama kwenye chupa ya dawa ya kikohozi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni hizi nyama wanazokatwa wagonjwa, na kila wiki dirishani nakutana na ndugu wa mgonjwa kavimba kwa hasira eti majibu ya CD20 yako wapi. Wana haki ya kukasirika, ila kuna mambo hawaambiwi.

CD20 ni alama inayokaa juu ya seli B, aina moja ya zile chembe nyeupe za kinga. Mtu akiwa na saratani ya tezi za limfu (mitoki) dokta anataka kujua kama seli zake zinayo, maana sindano ya rituksimabu inashika alama hiyohiyo, kama haipo mnamwaga hela bure na hiyo sindano bei yake mnaijua wenyewe. Sisi tunakata nyama iliyogandishwa kwenye nta, kijisehemu chembamba cha maikroni 3 au 4, tunakichemsha kidogo, tunaweka kingamwili inayonasa CD20, penye CD20 panakuwa kahawia.

Sasa juzijuzi ikaletwa tezi ya shingo, kubwa kama limau, imesukumiziwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya shingo nyembamba, fomalini, yale maji ya kuhifadhia nyama isioze, imefika nusu tu. Nyama ikikaa kwenye fomalini inakakamaa, kwa hiyo iliingia laini ikagoma kutoka, nikaishia kuvunja chupa. Kuipasua, pembeni iko safi, katikati imeshaharibika, maana fomalini inapenya kama milimita 1 kwa saa na tezi nzima vile haifikiwi ndani mapema. Nikapaka hivyohivyo. Pembeni kahawia kwa mbali, katikati hamna kitu, na tonsili tunayoweka kama kipimo cha kulinganishia imekolea vizuri kabisa kwa hiyo dawa zangu hazikuwa na shida. Ningeandika nini hapo? CD20 hana? Au nyama ilishaoza? Ikabidi tuombe akatwe tena, na huyu baba kabla ya hapo alishameza dawa za TB miezi kadhaa kwa uvimbe huohuo.

Wengine wanaleta kwenye maji ya dripu, hiyo ndo mbaya zaidi kinyama kinasafiri na basi usiku kucha kinafika kinanuka. Jamani mnaokata, kopo la mdomo mpana halina gharama, fomalini iwe angalau mara 10 ya nyama, tezi kubwa ipasueni katikati kabla ya kuitumbukiza, na andikeni saa mliyoitoa. Ndugu nanyi ulizeni imewekwa kwenye nini kabla hamjaondoka nayo.

Yule baba amekatwa tena wiki iliyopita. Safari hii kimekuja kwenye kopo la mdomo mpana, saa imeandikwa kwa pen juu ya plasta, nimekiacha kwenye mashine jana jioni.

Fundi wa maabara,
Kanda ya Ziwa